Mtazame Mtoto Kuanzia Mdomoni Hadi Njia ya Haja

Mtoto akizaliwa Likoni, Kisauni au Changamwe, mikono ya kwanza kumshika kwa utulivu huwa ya mkunga, kisha ya mama mtu mzima anayekuja kumwosha na kumkanda. Makala haya ni yao hasa, pamoja na mzazi mwenyewe aliyeanza arubaini yake, na baba aliye nje akipokea hongera.

Yanahusu tabaka jembamba la seli ambalo wataalamu huliita endodemu, yaani tabaka la ndani la kiinitete. Hutandazwa katika wiki ya tatu baada ya mimba kutunga, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba, na kutokana nalo hujengwa utando wa karibu njia nzima ya chakula, ini, kongosho, mapafu na tezi kadhaa. Kazi hiyo ikikatika mahali, mtoto huzaliwa na kasoro iliyojificha ndani ya mwili. Alama zake, hata hivyo, mara nyingi hutokea nje: kwenye mate, kwenye matapishi, kwenye rangi ya choo, kwenye kitovu na kwenye njia ya haja. Nyingi ya kasoro hizo zina tiba, ya upasuaji au ya dawa, na mtoto huokolewa na yule aliyeziona mapema. Ndiyo maana nataka kila nyumba ya ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Mtongwe na Shika Adabu hadi Mtopanga na Magongo, ijue cha kutazama.

Jinsi mrija unavyojengwa

Katika wiki ya tatu kiinitete ni kisahani kisichofika hata milimita mbili. Seli zake hujipanga kwa matabaka matatu. La juu, ektodemu, hufanya ngozi, ubongo na neva. La kati, mesodemu, hufanya misuli, mifupa, moyo, damu na figo. La chini ndilo endodemu. Wiki ya nne kisahani hicho hujikunja kingo zake zote, kama mkeka unaokunjwa baada ya maulidi, na lile tabaka la chini hufungwa ndani likawa mrija. Mrija huo ndio utumbo wa mwanzo wa binadamu.

Sehemu yake ya mbele ina shughuli nyingi kuliko zote. Kwenye shina la ulimi huanza tezi ya thairoidi, ambayo baadaye huteremka hadi shingoni, mbele ya koo la hewa. Chini kidogo huchomoza chipukizi la mapafu, kwa maana mapafu ni tawi la njia ya chakula, na ukuta unapaswa kujengwa kati ya koo la hewa na umio, yaani mrija wa chakula, ili viachane. Mbele zaidi huota ini pamoja na mirija ya nyongo, kisha kongosho. Hayo yote huanza katika muda unaokaribia wiki moja na nusu. Sehemu ya kati hurefuka haraka mno hata tumbo halitoshi, kwa hiyo katika wiki ya 6 utumbo hutoka nje na kuingia kwenye kiungamwana, ukakaa humo hadi kama wiki ya 10, halafu hurudi tumboni huku ukizunguka ili kila kipande kikae mahali pake. Sehemu ya nyuma huishia kwenye chumba kimoja cha haja zote mbili, na kati ya wiki ya 4 na ya 7 chumba hicho hugawanywa: mbele kibofu cha mkojo, nyuma njia ya haja kubwa. Utando unaoziba tundu la haja hufunguka karibu na wiki ya 8.

Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo ongeza wiki mbili kwenye tarakimu hizo. Mama anayeambiwa kliniki kwamba mimba ina wiki 10, mtoto wake tayari ana ini, mapafu machanga na tundu la haja. Hili nalisema kwa sababu moja kubwa. Mtoto akizaliwa na kasoro, maneno huanza uani: mama alikula nini, alimjibu nani vibaya, nani alimtupia jicho. Katika watoto wengi chanzo hakijulikani, na tukio lenyewe lilipita kabla mama hajanunua kipimo cha mimba dukani. Asilaumiwe, na asifichwe pamoja na mtoto wake.

Kwa wanaofundisha biolojia, matabaka haya yalielezwa mara ya kwanza na Christian Pander, mzaliwa wa Riga, mwaka 1817, kwa kufungua mayai ya kuku yaliyokuwa yakiatamiwa. Mwaka 1828 Karl Ernst von Baer akaonyesha kwamba mpango huo huo unafuatwa na wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Yai la kuku bado ni kifaa kizuri cha darasani: huanguliwa kwa siku 21, na kiini chake cha njano hufyonzwa kupitia endodemu iliyokizunguka.

Tabaka hili ni la kale kuliko mifupa. Konyeza na matumbawe wana matabaka mawili tu, na mojawapo ni hili la ndani. Tumbawe lililo hai mbele ya Nyali na Bamburi huhifadhi, ndani ya seli za tabaka hilo, mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo hulilisha. Bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998, matumbawe ya pwani yetu yalipoteza mwani wake, yakapauka, na mengi yakafa.

Mdomo, mate na matapishi

Turudi kwa mtoto. Kabla ya titi la kwanza, mtazame kinywa. Ni jambo la dakika moja, na halimcheleweshi kunyonya. Katika nyumba nyingi za Kiislamu hufuata tahniki, mtoto akapakwa tende laini kwenye kaakaa, na wapo wanaompa maji ya sukari, ingawa ushauri wa afya ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Kwa vyovyote vile, jicho litangulie. Mtoto anayetoa mate mengi yenye povu, ukayafuta yakarudi, ukayafuta yakarudi tena, huenda umio wake haukuungana na tumbo. Akipewa titi atapaliwa, atakohoa, midomo itageuka rangi ya buluu. Hapo usijaribu tena kumnyonyesha, wala usimpe maji. Mwinue kichwa na kifua, mate yaendelee kutolewa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kasoro hii hutokea takriban kwa mtoto 1 kati ya 3,500. Kuipima si kazi kubwa: muuguzi hupitisha mpira mwembamba mdomoni, ukigoma kama sentimita 10 ndani, picha ya eksirei huthibitisha. Mara nyingi kipande cha chini cha umio huwa kimeunganika na koo la hewa, yaani ule ukuta wa wiki ya nne haukukamilika, ndiyo maana maziwa na asidi ya tumbo huingia mapafuni. Cameron Haight, huko Michigan nchini Marekani, alifaulu mwaka 1941 kuunganisha umio wa mtoto wa namna hii katika upasuaji mmoja, na tangu hapo upasuaji umeendelea kuboreka. Mtoto anayefika na mapafu safi ana nafasi nzuri kuliko aliyenyonyeshwa mara nyingi akipaliwa.

Wakati mwingine dalili huanza kabla ya kuzaliwa, kwa mama kuwa na maji mengi mno ya uzazi, kwa kuwa mtoto tumboni hushindwa kuyameza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki 24. Skani haioni kila kitu, lakini ukiambiwa maji yamezidi, uliza mtoto atazaliwa wapi na nani atakuwepo.

Kuhusu matapishi, rangi ndiyo inayosema. Maziwa meupe yanayorudi baada ya kunyonya ni kawaida. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga, hata yakitokea mara moja tu, ni dharura. Nyongo imerudi juu kwa sababu njia ya chini imeziba, au utumbo uliorudi kutoka kwenye kiungamwana haukukaa vizuri na sasa umejisokota. Ukijisokota, damu haipiti, na utumbo waweza kufa kwa saa chache. Hili si la kusubiri kuche.

Njia ya haja

Hapa ndipo mama anayeosha mtoto anapoweza kuokoa maisha kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Mtoto aliyezaliwa zahanati hukaguliwa na muuguzi, lakini wodi ikijaa usiku jambo huweza kupita, na wapo wanaozaliwa nyumbani au njiani. Mwoshaji ndiye anayemgeuza mtoto, anayemfungua miguu, anayepitisha kitambaa kila mahali. Afanye hivyo penye mwanga wa kutosha, atazame kwa macho, bila kuingiza kidole wala kipimajoto.

La kuuliza si kama mtoto amepata choo. La kuuliza ni choo kimetokea wapi. Choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, kwa kawaida hutoka ndani ya saa 24. Kwa mtoto wa kiume asiye na tundu la haja, hakitoki kabisa, tumbo hujaa na kuwa gumu, au choo hujitokeza kidogo kidogo kwenye mkojo. Kwa mtoto wa kike jambo hufichika zaidi, kwa kuwa choo chaweza kutoka kwa kijitundu kidogo kilicho karibu na uke, nguo zikachafuka kama za mtoto yeyote, na nyumba nzima ikaridhika. Nyuma, mahali pa tundu, pana ngozi tupu au kibonyeo kidogo. Wasichana wa namna hii huweza kukaa miezi mingi wakisumbuliwa na tumbo kufunga, wakipewa dawa za kulainisha choo, hali shida yenyewe haijatazamwa.

Kasoro hii ya njia ya haja hutokea kwa mtoto 1 kati ya takriban 5,000. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni na 131,882 Changamwe, yaani zaidi ya laki sita na nusu kwa jumla. Kwa jamii kubwa kiasi hicho, kasoro hii si kioja cha kusikika mara moja kwa kizazi. Ipo mitaani mwetu.

Tiba huenda kwa hatua. Mara nyingi mtoto hutobolewa njia ya muda tumboni ili choo kitoke, akue na apate uzito. Kisha hutengenezewa njia ya haja mahali pake. Mwisho ile ya tumboni hufungwa. Upasuaji wa katikati umeboreshwa sana tangu Alberto Peña na Pieter deVries walipochapisha njia yao mwaka 1982. Kipindi cha kati ndicho kigumu kwa familia. Vifuko vya kukinga choo vina gharama, na akina mama wengi hutumia vitambaa laini vya pamba vinavyofuliwa na kuanikwa juani, huku ngozi ya pembeni ikipakwa mafuta mazito ili isichubuke. Inafaa wote nyumbani wajifunze kubadilisha, baba akiwemo, ili mama asibaki peke yake na kazi hiyo. Mtoto anayenyonya anyonye kama kawaida. Muulizeni daktari pia kuhusu moyo, figo na uti wa mgongo, kwa kuwa kasoro ya umio au ya njia ya haja mara nyingine hufuatana na nyingine.

Rangi ya choo ndani ya arubaini

Watoto wengi huingia umanjano siku za kwanza, nao huondoka. Desturi ya pwani ni kumtoa mtoto kwenye jua la asubuhi. Hata hivyo jua haliwezi kufungua mirija ya nyongo iliyoziba, na zipo nyumba zinazoendelea kumwanika mtoto hadi arubaini iishe, zikisubiri siku ya kutoka ndipo apelekwe kliniki. Siku hizo 40 zina thamani kubwa mno. Upasuaji wa kuunganisha ini moja kwa moja na utumbo, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani na kuelezwa mwaka 1959, hufaulu zaidi mtoto akiwa hajatimiza siku 60. Baada ya hapo kila wiki inayopita, ini huzidi kupata makovu.

Kwa hiyo mtoto ambaye macho yake bado ni ya manjano siku ya 14 apimwe. Mzazi haharibu arubaini kwa kumpeleka mtoto hospitali. Hata bibi au shangazi anaweza kumpeleka, mradi utaratibu wa kumnyonyesha umepangwa. Tazama nepi. Choo cha mtoto anayenyonya huwa cha njano, wakati mwingine kijani. Kikiwa cheupe, cha kijivu au cha rangi ya malai iliyopauka, na mkojo ukawa wa njano iliyokolea hata kuacha doa kwenye kitambaa, nyongo haifiki utumboni. Kitazame choo mchana, si chini ya taa, na kipige picha kwa simu ili daktari akione. Omba bilirubini, ile rangi ya manjano ya damu, ipimwe zote mbili, ya jumla na ile inayoitwa ya moja kwa moja, maana ni hii ya pili inayoonyesha kwamba nyongo haitoki vizuri kwenye ini. Taiwan iligawa kadi za rangi za choo kwa wazazi nchi nzima mwaka 2004, na watoto wakaanza kufika mapema. Kadi ya karatasi yenye rangi chache! Kitu cha namna hiyo kingefaa kibandikwe kwenye ukuta wa kila zahanati, kuanzia Mrima hadi Mlaleo.

Umanjano usioisha una chanzo kingine cha tabaka hili hili, nacho ni ile tezi ya thairoidi. Isipojengeka, au ikibaki kwenye shina la ulimi bila kuteremka, mtoto hupungukiwa homoni ambayo ubongo wake unaihitaji. Huwa mtulivu kupita kiasi, hulala sana, hunyonya kivivu, hufunga choo, ulimi huonekana mkubwa, sauti ya kilio huwa nzito. Watu humsifu kwamba ni mtoto mwema, hasumbui. Wengi hawana dalili yoyote wanapozaliwa, ndiyo sababu katika nchi kadhaa kila mtoto hutolewa tone la damu kisiginoni. Usidhani kwamba wako amepimwa; uliza. Tiba ni kidonge kidogo cha kila siku kinachosagwa na kupewa na maziwa ya mama, na kikianza katika wiki mbili za kwanza, akili ya mtoto hukua vizuri.

Kitovu nacho kisisahauliwe. Kikishaanguka na pakabaki mahali pabichi panapotoa ute au kitu kinachofanana na choo, huenda mrija ulioungana na utumbo haukujifunga. Dawa ya kupaka kitovu ni klorheksidini inayotolewa hospitali. Majivu, mafuta au mate yasitiwe hapo.

Kabla ya mimba na wakati wake

Zipo kasoro nyingi zisizozuilika, lakini yapo machache yanayopunguza hatari. Mwanamke mwenye kisukari apange mimba sukari yake ikiwa imetulia, kwa sababu sukari iliyopanda katika wiki zile za mwanzo huvuruga ujenzi wa viungo, na njia ya haja ni mojawapo. Anayetumia dawa za kifafa, za kuzuia damu kuganda, au za tezi kama kabimazoli, amwone daktari kabla ya kubeba mimba ili abadilishiwe. Asiziache mwenyewe. Vidonge vya foliki vinavyotolewa kliniki hukinga uti wa mgongo na ubongo, ambao si wa tabaka hili, navyo visiachwe.

Chumvi ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Kwa miezi mitatu ya kwanza hivi mtoto hutegemea homoni ya thairoidi ya mama, na mama huitengeneza kwa iodini. Chumvi ya mezani nchini Kenya kisheria hutiwa iodini. Ile ya mawe inayouzwa bila pakiti, hata kama imevunwa hapa hapa Gongoni au Marereni, haina hakikisho hilo. Weka chumvi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu, na uitie kwenye mchuzi ukikaribia kuiva.

Uchungu ukija mapema, kabla ya wiki 34, mama asibaki nyumbani akisubiri upoe. Seli za mapafu zinazotoka kwenye endodemu huwa bado hazijatengeneza ule utelezi wa kutosha unaozuia vifuko vya hewa visishikane. Sindano za deksamethasoni kwa mama huyakomaza. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya watoto hao, mradi zitolewe katika hospitali yenye uwezo wa kuwahudumia watoto njiti.

Safari ya hospitali

Anzia kituo kilicho karibu, iwe Hospitali ya Likoni, Port Reitz kwa watu wa Changamwe, au kituo cha afya cha mtaa Kisauni, na uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya Coast General kisiwani. Ukitoka Likoni usiku, ambulensi iombwe pale pale kituoni badala ya kupanda tuktuk hadi feri. Foleni ikiwa ndefu, wa Likoni wana pia barabara ya Dongo Kundu inayotokea Miritini. Mtoto asafiri kifuani mwa mama au bibi, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na kufunikwa kwa leso, kwa sababu baridi humdhoofisha mtoto mchanga hata katika joto la Mombasa. Mwenye mate ya povu au matapishi ya kijani asipewe chochote mdomoni hadi amwone daktari. Mama akamue maziwa yake kila baada ya saa tatu ili yasikauke wakati mtoto akisubiri kufanyiwa upasuaji. Beba kitabu cha kliniki, kitambulisho cha mzazi, namba ya usajili wa SHA, bima ya afya ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na ile nepi au picha yake. Andika saa aliyozaliwa, saa aliyopata choo cha kwanza na mahali kilipotokea, na saa matapishi yalipoanza.